Kuuliza Wakati Wenyewe Wapo: Margaret Strobel na historia ya wanawake

Anayeandika historia ya wanawake wa Bizanti hana wa kumuuliza. Malkia Irene alitawala Constantinople peke yake kuanzia 797 hadi 802, akaacha sarafu za dhahabu zenye sura yake. Mwanamke aliyeuza samaki bandarini miaka hiyo hiyo hakuacha hata jina. Mwanahistoria Judith Herrin, aliyetoa kitabu juu ya malkia wa Bizanti mwaka 2001, ilimbidi awatafute wanawake ndani ya maandishi ya wanaume.

Sisi wa Walikale bado tuna wa kuwauliza. Nitaeleza, kupitia kazi ya mwanahistoria mmoja, kwa nini jambo hili linakihusu kitivo chetu cha lugha.

Margaret Strobel, Mmarekani, alifanya utafiti Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kumbukumbu za serikali zilimweleza habari za watawala, mashamba na biashara, lakini habari za wanawake zilikuwa vinywani mwao wenyewe. Aliwafuata wazee wa kike, akawauliza juu ya unyago, ndoa, kazi na ngoma ya lelemama. Mtu wa nje angeiita lelemama mchezo tu. Strobel alionyesha kwamba vikundi vyake vilikuwa na vyeo, ushindani na viongozi, na kwamba humo wanawake walijizoeza kujiongoza kabla ya kuunda vyama vyao vya maendeleo. Kitabu chake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, 1890 hadi 1975, kilitoka mwaka 1979 na kupata tuzo ya Herskovits mwaka 1980. Baadaye alifundisha kwa miaka mingi Chicago, akaandika pia juu ya wanawake wa Ulaya katika makoloni ya Uingereza.

Kwetu wanalugha, hatua yake muhimu zaidi ni ile aliyoifanya pamoja na Sarah Mirza. Walichapisha maisha ya wanawake watatu, Bi Kaje, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili mwaka 1991. Bi Kaje alitoka katika ukoo uliomiliki watumwa, naye Mishi katika ukoo wa waliokuwa watumwa. Katika Mombasa ya namna hiyo, mtumwa, mzalia na suria hawakuwa watu wa hali moja, na kila neno lina historia yake. Tafsiri hulazimika kueleza kwa sentensi nzima kile ambacho msemaji alikimaliza kwa neno moja. Neno likipotea, sehemu ya historia imepotea nalo.

Mfano wa karibu zaidi na kwetu ni wa Catharine Newbury, mtaalamu wa siasa, aliyeandika mwaka 1984 juu ya wanawake wa Buloho, Kalehe, waliopinga kodi nyingi zilizotozwa mihogo waliyoibeba kwenda sokoni. Kichwa cha makala yake kimebaki katika lugha ya huko: Ebutumwa Bw'Emiogo. Msomaji wa Kiswahili husikia humo utumwa wa mihogo, ingawa tafsiri ya Kiingereza ilichagua neno lenye maana ya udhalimu. Mama anayelipia mzigo wake kizuizini hadi faida inaisha anajua kwa nini aliita hali hiyo utumwa.

Narudi Walikale. Maandishi yetu yanayosomwa zaidi ulimwenguni ni utendi wa Mwindo, ambao She-Karisi Rureke aliusimulia mwaka 1956 na ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Shangazi Iyangura ana nafasi kubwa humo, lakini anasema kwa kinywa cha msimulizi mwanaume. Nani atachukua maneno ya mama wanaopika na kuuza chakula kwenye machimbo ya dhahabu ya Omate? Daftari likiwepo pale, huhesabu gramu za dhahabu, wala halihesabu masufuria ya ugali yaliyowalisha wachimbaji.

Kazi yenyewe inataka mambo matatu. Kwanza, kurekodi katika lugha anayoichagua mama mwenyewe, iwe Kinyanga, Kirega, Kitembo, Kihunde au Kiswahili cha kwetu, bila kumsahihisha kuelekea usanifu. Pili, kuandika neno kama lilivyosemwa kabla ya kulitafsiri. Tatu, kuomba ruhusa na kuficha jina panapohitajika, maana penye bunduki jina lililochapishwa linaweza kumletea mtu balaa.

Vita vimehamisha vijiji, na wazee wanaondoka na maneno yao. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, mwenye simu inayorekodi na subira ya kusikiliza, anaweza kuanza likizo hii kwa bibi yake. Miaka ijayo mwanahistoria asije akawa kwetu kama yule wa Bizanti, akiwatafuta nyanya zetu katika maandishi ya watu wengine.