Bei ya Manyoya na Mbwa wa Usiku: Uwindaji wa Rakuni Nchini Marekani

Makala haya yanaeleza jinsi bei ya ngozi inavyoamua, pamoja na idadi ya wanyama wanaouawa, aina ya mbwa anayezalishwa kwa ajili ya windo. Mfano ni rakuni, mnyama wa Amerika Kaskazini mwenye baka jeusi machoni na mkia wa pete. Huwindwa usiku kwa mbwa wanaofuata harufu yake hadi apande mti, kisha hubweka shinani mpaka mwindaji afike na taa. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha tendo hilo. Hapa litaitwa kumpandisha mtini.

Bei ya ngozi hii haijapata kutulia. Katika miaka ya 1920 koti la rakuni lilikuwa fahari ya wanafunzi wa vyuo vikuu, na mwaka 1955 vipindi vya Disney kuhusu Davy Crockett viliwafanya watoto wadai kofia yenye mkia wake. Kilele kikubwa kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970, ambapo ngozi nzuri ya kaskazini, iliyonenepa manyoya kwa baridi, iliweza kufikia dola 30 na zaidi, ilhali ile nyepesi ya kusini ilipata pungufu. Ngozi tano za usiku mmoja zilizidi ujira wa kutwa kiwandani. Haishangazi kwamba misitu ilijaa wageni wa kazi hiyo, na mbwa hodari akawa mali ya kuibwa.

Mwindaji wa ngozi alihitaji mbwa wa namna yake. Wapo waliopendelea mbwa asiyebweka njiani, kwani mnyama aliyeshtukizwa hukwea mti wa karibu kabla ya kulifikia tundu lake; na rakuni aliyeingia tunduni ni hasara. Mbwa aliyefukuza kulungu au kusimama chini ya mti mtupu alikuwa akila muda, na muda ndio uliokuwa ngozi. Rangi na nasaba havikuulizwa sana. Chotara mwenye pua nzuri alitosha.

Baada ya masoko ya hisa kuporomoka Oktoba 1987, ngozi ilishuka hadi dola chache. Ilipanda tena baadaye kwa nguvu ya wanunuzi wa Urusi na China, ikaanguka sarafu ya Urusi ilipodhoofika mwaka 2014. Mtu angetarajia mbwa nao watoweke. Haikuwa hivyo, na hapa ndipo penye jambo la kuzingatiwa: mbwa aliachana na ngozi, akahamia mashindanoni.

Chama cha United Kennel Club, kilichoanzishwa mwaka 1898, husajili aina kama Treeing Walker, Bluetick, Redbone na Plott, na huendesha mashindano ya usiku. Mbwa wasiozidi wanne huachiwa pamoja kwa muda maalumu. Alama hutolewa kwa anayebweka kwanza kwenye harufu na anayetangulia kuupata mti; mti mtupu hupunguza alama, na rakuni hauawi. Kwa kanuni hiyo, mbwa mkimya, aliyekuwa hazina ya mwuza ngozi, hupoteza alama za mwanzo. Anayefuata polepole harufu iliyopoa kwa saa nyingi, hata akifika bila kosa, huwa amepitwa. Wazalishaji wakachagua sauti, kasi na wepesi wa kumpandisha rakuni mtini. Treeing Walker akatamba. Leo mbwa bingwa huuzwa kwa maelfu ya dola katika nchi ambayo ngozi ya windo lake haigharimii hata mafuta ya gari la kumpeleka msituni.

Rakuni, kwa upande wake, hakupungua. Hula mahindi shambani na mayai ya kasa na bata. Kuna na madhara yaliyotoka kwa wawindaji wenyewe: rakuni waliosafirishwa kutoka kusini-mashariki kuongeza windo walifikisha kichaa cha mbwa West Virginia, ambako kiligunduliwa mwaka 1977, kikaenea hadi majimbo ya kaskazini-mashariki. Tangu miaka ya 1990 chambo chenye chanjo hudondoshwa kwa ndege juu ya misitu, kazi inayolipiwa na walipa kodi, wawe na mbwa au wasiwe naye.