Tengeneza Nyumba Yako Kabla ya Kuiuza



Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii ni kweli hata kwa nyumba.

Watu huuza nyumba kwa sababu nyingi. Mmoja anahamia kwa watoto wake. Mwingine ana mgonjwa wa kutibiwa. Mara nyingi mwuzaji ana shida ya fedha, na mnunuzi analijua hilo. Mnunuzi akiona bati moja limetoboka, hahesabu bei ya bati moja. Anajiuliza: je, mbao nazo zimeoza? Na ukuta je? Na msingi? Kila shaka linapunguza bei. Basi kazi yako siyo kuipamba nyumba tu. Kazi yako ni kuondoa mashaka.

1. ANZA NA PAA

Maji ni adui mkubwa wa nyumba. Ingia ndani mchana, jua likiwa kali. Funga milango na madirisha, kisha tazama juu. Penye tundu utaona mwanga. Weka alama. Tundu dogo la msumari huzibwa kwa lami. Bati lililoliwa na kutu libadilishwe. Kama nyumba ni ya nyasi, ongeza nyasi pale zilipopungua.

Halafu tazama chini. Maji yanayodondoka kutoka kwenye paa huchimba shimo kando ya msingi. Jaza udongo, ushindilie, na uweke mteremko wa kupeleka maji mbali na ukuta. Kazi hii inataka jembe na nguvu zako tu, lakini inaokoa ukuta mzima.

2. CHUNGUZA NYUFA

Nyufa siyo zote sawa. Ufa mwembamba kama unywele mara nyingi ni wa plasta tu. Ufa mpana, unaopanda kama ngazi kati ya tofali na tofali, unaweza kuwa ni wa msingi.

Utajuaje kama ukuta bado unasogea? Paka plasta kidogo kukatiza ufa, mahali pawili au patatu. Andika tarehe juu yake. Ngoja, hasa wakati wa mvua. Plasta ikipasuka, ukuta bado unasogea. Hapo mwite fundi aangalie msingi. Plasta isipopasuka mvua zote, ufa unaweza kuzibwa.

Jambo moja ulishike sana: usipake rangi juu ya ufa wa msingi ili mnunuzi asiuone. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inahesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa ni udanganyifu. Mnunuzi aliyedanganywa anaweza kwenda mahakamani kuomba mkataba uvunjwe. Fedha umeshazitumia, na unatakiwa uzirudishe. Utazitoa wapi? Ni heri kusema, "Ndugu, ukuta huu una ufa, na bei nimeipunguza kwa sababu hiyo."

3. TAFUTA MCHWA

Tazama kuta, miimo ya milango na mbao za paa. Ukiona vinjia vya udongo vinapanda ukutani, mchwa wapo. Choma ubao kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kwa urahisi, ubao umeliwa. Ondoa ubao huo, weka mwingine. Usirundike kuni na magogo kwenye ukuta, maana huko ndiko mchwa wanakoanzia.

4. USAFI NA CHOKAA

Fagia uwanja, fyeka majani, fukia madimbwi. Toa vitu vilivyovunjika ndani ya nyumba. Chumba kitupu huonekana kikubwa. Sugua masizi ya jikoni.

Kisha paka chokaa. Ni rahisi kuliko rangi, na inatia mwanga. Changanya chokaa iliyozimwa na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Ongeza chumvi kidogo ili ishike. Lowesha ukuta kwanza, kisha paka mara mbili au tatu, nyembamba nyembamba. Tahadhari: chokaa inaunguza macho. Watoto wakae mbali.

Choo usikisahau. Mnunuzi atakwenda kukitazama, hata kama hakusema. Kiwe na mlango, sakafu imara na mfuniko wa tundu.

5. MAKARATASI NA WATU

Nyumba inaweza kung'aa, lakini bila haki ya kuiuza ni bure. Hapa ndipo kesi nyingi zinapozaliwa. Kumbuka mambo manne:

(a) Mke na mume. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ni hivyo hata kama nyumba ni mali ya mume peke yake. Kaeni mzungumze kwanza. Mwenzako atie sahihi.

(b) Halmashauri ya kijiji. Haki ya kimila katika ardhi ya kijiji inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kuiuza kunataka kibali cha halmashauri ya kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi.

(c) Urithi. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo na mtoto yeyote anayetaka.

(d) Mipaka. Waite majirani, tembeeni pamoja kwenye mpaka. Pandeni minyaa au wekeni mawe. Kama kuna ugomvi, umalizeni kabla mnunuzi hajafika.

6. SIKU MNUNUZI ANAPOKUJA

Fungua madirisha yote. Mkaribishe, kisha mwache atembee na kutazama mwenyewe. Akiuliza maji yanachotwa wapi, mwambie ukweli, na umpeleke aone. Mwonyeshe paa ulilotengeneza. Mwonyeshe plasta yenye tarehe. Mwonyeshe karatasi zako. Mtu aliyeona kwa macho yake hana sababu ya kupunguza bei kwa kubahatisha.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukiuficha, utaujenga mahakamani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini bati moja lililotoboka linaweza kupunguza bei ya nyumba nzima?
2. Utajuaje kama ukuta wenye ufa bado unasogea?
3. Hapa kijijini kwetu, nani lazima wakubali kabla nyumba haijauzwa?