Mtunza Maktaba Aliyehifadhi Majina ya Washonaji

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo twaizoea katika mambo ya biashara, lakini yafaa pia katika kazi za mikono zifanywazo majumbani. Kwa ajili hiyo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, na hasa vijana, habari za Bibi Cuesta Benberry wa Marekani, aliyefariki dunia mwaka 2007, naye ana umri wa miaka 83.

Bibi huyu, Mmarekani mweusi, alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa Cincinnati, akakulia St. Louis. Huko alitumikia shule za mji kwa miaka mingi, akiwa mwalimu na mtunza maktaba. Mtunza maktaba hana budi kujua kila kitabu kimeandikwa na nani, na kiwekwe wapi ili akitakaye akipate. Tabia hiyo njema hakuiacha shuleni. Aliitumia katika jambo ambalo wataalamu wachache tu wa siku zile walilijali, nalo ni mifarishi.

Mfarishi ni nguo nzito ya kujifunikia wakati wa baridi. Juu huwa vipande vya nguo vilivyounganishwa kwa kufuata mchoro, katikati pamba, na chini kitambaa kizima. Kisha tabaka zote tatu hushikizwa pamoja kwa mishono midogo midogo. Wanawake wa Marekani waliifanya kazi hiyo kwa vizazi vingi, na mara nyingi walikusanyika majirani wakashona pamoja.

Katika miaka ya 1950, Bibi Benberry alipowazuru wakwe zake huko Kentucky, aliona jinsi walivyoithamini mifarishi yao. Akaanza kukusanya michoro, akiandikiana barua na wanawake wa miji mingine. Yeye mwenyewe alishona mfarishi mmoja tu, mwaka 1979, nao ulikuwa kama kitabu: michoro yake ilieleza historia ya wanawake weusi katika ushonaji.

Kwa nini kazi hiyo ilikuwa na maana kubwa? Tutazame habari za Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Alishona mifarishi yenye picha za visa vya Biblia. Mwaka 1891, kwa kubanwa na shida, aliuza mmoja kwa dola 5. Aliyeununua, mwalimu wa sanaa, aliandika maelezo ya mshonaji juu ya kila picha, na ndiyo sababu leo twaujua mfarishi ule pamoja na mwenyewe. Je, ni wangapi walioshona hali kadhalika, wasipate mtu wa kuwaandikia?

Wako waliosimulia historia ya mifarishi kana kwamba wanawake weusi hawakuwamo. Baadaye wakatokea wengine waliowasifu sana, lakini wakadhani kwamba mifarishi yao yote ni ya namna moja, yenye rangi kali na mistari isiyolingana. Bibi Benberry hakuridhika na sifa hiyo. Alionyesha kwa ushahidi kwamba watumwa na walioachwa huru, wa mjini na wa shamba, walishona kwa mitindo mingi mbalimbali. Mwaka 1992 alitoa kitabu kiitwacho Always There, yaani walikuwapo siku zote. Jina hilo peke yake ni jibu.

Alivyovikusanya havikutawanyika baada ya kufa kwake. Mifarishi na karatasi zake vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Michigan State University, na wanafunzi hufaidika navyo.

Nasi je? Majumbani mwetu mna kofia zilizotobolewa kwa uzi na sindano miezi mizima, mna mikeka ya ukili wa rangi, mna foronya zilizotariziwa kwa ajili ya bibi arusi. Twavitumia na kuvisifu, lakini jina la aliyevitengeneza mara nyingi hufa pamoja naye. Basi, enyi vijana, chukueni daftari, mketi karibu na bibi zenu, mwaulize: Nani alikitengeneza hiki? Mwaka gani? Alimfanyia nani? Pambo hili laitwaje? Kisha andikeni majibu yao kama walivyoyasema, maadamu wangali hai kuyasema.