Dalali bila ufunguo

KUMPATA dalali wa vyumba Kariakoo ni rahisi. Kukiona chumba chenyewe ndiyo kazi.

Wengi hudhani jamaa hawa wanakula bwerere. Hebu fuatana na mmoja kutoka Msimbazi hadi Mtaa wa Congo. Mteja yupo, hela anazo, lakini mlangoni kuna kufuli. Mpangaji anayehama yuko dukani tangu asubuhi na ufunguo uko mfukoni mwake. Haraka ya nini? Kodi yake haijaisha, na kila mgeni anayechungulia kitanda chake anamwona kama anamfukuza.

Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Ukipiga hodi, umewapigia wote. Na kama ni nyumba ya urithi, balaa! Kaka anasema karibuni, dada anasema haipangishwi.

Mjini kati kuna majengo yaliyotaifishwa mwaka 1971 yakawa chini ya Msajili wa Majumba, kisha mwaka 1990 yakaenda Shirika la Nyumba la Taifa. Huko wapo walioachiana flati kwa kilemba, kimya kimya. Kitu cha kimya hakionyeshwi mchana.

Dalali kwa kawaida hulipwa kodi ya mwezi mmoja, chumba kikishapata mtu. Mlango usipofunguka, kachakaza viatu bure. Ndiyo maana wengine hudai hela ya kuonyesha kwanza.

Wewe msomaji usitoe hela kabla mlango haujafunguliwa. Lakini ukishaona, usimruke ukaenda kwa mwenye nyumba kinyemela. Naye ana watoto.