Delege wa watu wote alisahau meza ya nyumbani kwake

Mimi ni delege wa sendika hapa Likasi tangu miaka 11. Leo siandiki juu ya mishahara. Naandika juu ya meza.

Mwaka uliopita, katika kamati ya usalama na afya ya kazini, tulibishana miezi mitano juu ya kiti cha dereva mmoja wa mashine kubwa. Springi ilikuwa imevunjika, mgongo wake ukaanza kumuuma mpaka usiku. Siku kiti kipya kilipofika, nilirudi nyumbani na furaha. Nikaanza kumhubiria bibi yangu: mgongo wa mtu si chuma, kazi inapashwa kufuata mwili wa mtu, si mwili kufuata kazi.

Yeye alikuwa anashona juu ya meza ya kulia. Akaacha mashine, akashika shingo, akasema: "Unatetea batu bote ku kazi. Na miye, delege wangu njo nani?"

Sikuwa na jibu.

Bibi yangu si fundi wa kushona wa soko. Anakusanya vipande vya vikwembe, anaviunganisha kuwa vitambaa vya meza na mifuniko ya kitanda, halafu anatia maua kwa sindano ya mkono. Alijifunza kwa mama yake, na mama yake alijifunza kwenye foyer social. Wazee wanakumbuka: zamani za Union Minière, na baadaye Gécamines, katika kambi za wafanyakazi wanawake walifundishwa kushona na kufuma. Kazi hiyo haikufa na kambi. Iko bado mu mikono ya mabinti.

Lakini mimi niliita mchezo. Nilimwuliza mara nyingi: "Hiki utauza bei gani?" Siku moja alinijibu: "Weye uko na mupira, uko na sendika. Miye niko na hii." Nyuma ya pale nilimkuta ameficha mashine chini ya kitanda. Shingo ilikuwa inamuuma sana, akaona afadhali aache. Ndipo nilipochukua mita.

Nilimpima akiwa amekaa kwenye kiti chake, kama tunavyopima ku kazi. Kutoka chini mpaka kiwiko: sentimeta 64. Meza ya kulia: sentimeta 77. Mashine yenyewe inaongeza sentimeta 8. Maana yake mikono yake ilikuwa inafanya kazi kwenye sentimeta 85, mabega yamepanda kama mtu anayebeba mzigo. Miaka mingapi? Na mimi nilikuwa ninakula juu ya meza ileile kila siku.

Juu ya mbao nataka kusema wazi, kwa sababu wengi wetu tunapenda kuokota. Palete na masanduku ya mgodi msizilete nyumbani bila kujua zilibeba nini. Sanduku la baruti si la kutengeneza kabati ya watoto. Palete iliyobeba dawa za kusafisha madini inaweza kunywa dawa, na macho hayaoni. Kwenye palete nyingi za kutoka nje kuna alama iliyochomwa: HT maana yake mbao zilipashwa moto ili kuua wadudu, MB maana yake zilivukizwa kwa sumu ya methyl bromide. Lakini hata HT haikuambii kitu gani kilimwagika juu yake njiani. Mimi nilinunua mulombwa kwa mzee mmoja fundi wa mbao, masalio ya kitanda, juu ya uso wa meza. Mulombwa ukikauka vizuri haupindi ovyo. Miguu nilikata katika eukaliptusi iliyokaa kavu muda mrefu, maana mbichi inapasuka na kujisokota.

Upana niliweka sentimeta 120, kina sentimeta 60. Upande wa kuume nilikata tundu kwa kipimo cha mashine, na chini yake nikatia kirafu, mashine izame sentimeta 8 na uso wake ulingane na uso wa meza. Hapo kitambaa kinateleza bila kupanda mlima. Upande wa kushoto ni wazi, juu ya kazi ya sindano wakati umeme unapokatika.

Sasa kosa langu. Nilijiona mjanja, nikaweka meza kwenye sentimeta 66, karibu sawa na kiwiko. Bibi akakaa, mapaja yakagonga kirafu cha mashine. Nilikuwa nimepima mikono, nikasahau miguu! Mzee fundi alicheka, akasema: "Ulipima mutu nusu." Akanieleza pia kwamba kazi ndogo ya sindano inataka kuwa juu kidogo ya kiwiko, ili mtu asiinamishe shingo kutafuta tundu la uzi. Basi nikaunganisha vipande vya sentimeta 4 chini ya kila muguu, kwa gundi na misumari. Meza sasa ni sentimeta 70, mapaja yanapita. Watoto wanasema meza imevaa viatu.

Mengine alidai yeye mwenyewe, na yote yalikuwa na maana. Ukingo mdogo pembeni, sindano isianguke chini na kuchoma mtoto. Droo yenye vyumba, kila rangi ya uzi chumba chake. Alama za sentimeta kwenye ukingo wa mbele. Nilizichoma na msumari wa moto. Na meza ikae pembeni ya dirisha, mwangaza utoke kushoto, kwa sababu anashona na mkono wa kuume na hataki kivuli cha mkono wake.

Kusugua na msasa kulichukua siku mbili. Nilivaa maski, nikafanya nje, mbali na watoto. Sisi watu wa mgodi tunajua vumbi linafanya nini ku kifua. Vumbi la mbao nalo si chakula. Ukitaka kujua kama uso umelainika, usitumie kidole. Pitisha soksi ya nailoni ya zamani. Pale inaposhika, ndipo uzi utashika. Halafu ndiyo unapaka verni.

Shingo haikupona siku moja. Lakini sasa anashona saa nzima bila kushika shingo, na mashine haijarudi tena chini ya kitanda. Mfuniko aliokuwa ameuacha katikati ameumaliza. Sikuuliza bei.

Wandugu, tunajua kusoma sheria ya kazi mbele ya mkubwa. Jioni ya leo, kabla ya kuomba chakula, angalia bibi yako anainama namna gani mbele ya mbabula, anakaa juu ya nini akichambua sombe, anashona kwa mwangaza gani. Chukua mita. Na umwulize yeye kwanza, usije ukapima mutu nusu kama mimi.

Mimi mwenyewe sijamaliza. Juzi bibi yangu ameleta dai la pili: kiti. Mazungumzo yanaendelea.