Handaki la Mengo: Hofu ya tiketi Kampala, makovu ya bure Arua

ARUA, Uganda

Mfanyabiashara wa Arua anayemaliza kufunga mzigo wake mapema pale Arua Park, katikati ya Kampala, hubaki na saa kadhaa mkononi. Basi linaondoka usiku na jua bado li juu. Wengi huketi juu ya maboksi yao wakiyahesabu upya. Wengine hutafuta chakula, kisha hujinyoosha kwenye benchi hadi kondakta aanze kuita.

Wanne kutoka Mvara waliamua vingine. Walikuwa wanawake wawili wauza vitenge, kijana wa vifaa vya simu, na mzee wa samaki wakavu ambaye mzigo wake huvuka Vurra kwenda soko la Ariwara, na mara nyingine Oraba kuelekea Kaya. Kijana alikuwa ameona kwenye simu picha za handaki lenye giza ndani ya Lubiri, kasri la Kabaka pale Mengo. Aliwaambia wenzake kwamba Wamarekani hulipa fedha kuingia nyumba za kutisha kila mwisho wa Oktoba, wakati wa Halloween, na kwamba siku hizi hata baadhi ya kumbi za starehe za Kampala huning'iniza mafuvu ya plastiki usiku huo. Kwa nini wao wasiende kuona pahali pa kutisha kweli, na pako mwendo mfupi tu wa bodaboda?

Mkubwa kati ya wale mama wawili alicheka. Alimwita mwanangu, akamwambia kwamba yeye hofu alipewa bure tangu utotoni, sasa anaambiwa akainunue. Hata hivyo alijifunga leso vizuri, akapanda bodaboda pamoja na wenzake.

Nyumba isiyo na waigizaji

Biashara ya kutisha watu ni kongwe. Jumba la mizimu la Disneyland, huko California, lilifunguliwa mwaka 1969 na hadi leo watu hupanga foleni. Siri ya biashara hiyo ni moja: mteja anajua kuwa atatoka salama. Damu ni rangi, mzimu ni kijana aliyeajiriwa kwa msimu, na mlango wa kutokea umewekewa alama. Marafiki huingia wakishikana mikono, hupiga kelele, kisha hutoka wakicheka.

Lubiri ni tofauti. Mgeni hulipa kiingilio, hupewa mwongozaji, kisha huteremka mteremko ndani ya uwanja mpana wa kasri. Husimuliwa kuwa handaki lilijengwa miaka ya mwanzo ya 1970 kama ghala la silaha, kisha likageuzwa gereza. Ni njia ya zege inayoingia ndani ya kilima, na ubavuni mwake kuna vyumba vyeusi vilivyopangwa mfululizo. Waongozaji husimulia kwamba sakafu ya njia hiyo ilijazwa maji yaliyotiwa umeme ili asitokee wa kutoroka, na kwamba wengi walikufa kwa kukosa hewa kwa jinsi walivyorundikwa.

Kijana wa simu aliingia wa kwanza akiwa amewasha tochi. Ndani hakuna aliyewarukia. Hakukuwa na muziki wala moshi. Palikuwa na ukuta, na ukutani alama za viganja. Kijana alizima kamera bila kuambiwa.

Ndipo mwongozaji alipowauliza swali ambalo humuuliza kila mgeni: mnatoka wapi?

Swali dogo, jibu zito

Kwa mtu wa Masaka au Mbale hilo ni swali la adabu tu. Kwa mtu wa West Nile, ndani ya handaki lile, ni jambo jingine. Idi Amin, aliyetwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, alikuwa Mkakwa, na asili ya baba yake ni Koboko. Kwa miaka minane ya utawala wake, na kwa miaka mingi baada yake, jina la Koboko au Arua kwenye kitambulisho lilitosha kumfanya mtu atazamwe kwa jicho jingine.

Yule mama mdogo alijibu kwamba wanatoka kaskazini. Kaskazini ni kubwa, haimfungi mtu. Mkubwa wake alitazama chini. Kijana, aliyezaliwa Amin akiwa ameshakimbia nchi miaka mingi, hakuelewa kwa nini wenzake wamenyamaza ghafla.

Mfanyabiashara wa mpakani analijua vizuri jambo hili, hata kama hajawahi kufika Mengo. Ni lile la kupunguza sauti unapotaja kwenu mbele ya meza ya afisa, kwa sababu hujui jina hilo limembebea nini yeye.

Ukuta unamtaja nani?

Mwongozaji aliendelea. Aliwaonyesha maandishi ya mkaa ambayo wageni wengi hupelekwa kuyaona. Yameandikwa kwa Kiganda. Mwandishi wake anamwambia aliyemuua kwamba amekwisha kumuua yeye, na anamuuliza kuhusu watoto wake.

Mzee wa samaki aliuliza ni nani anayetajwa pale. Mwongozaji akasoma jina: Obote.

Handaki linaitwa la Amin, na picha ya Amin ndiyo inayowaleta wageni, hasa waliomjua kupitia sinema ya The Last King of Scotland ya mwaka 2006. Lakini jina lililo katika maandishi yale si lake. Tena Lubiri ilikuwa imeonja damu kabla Amin hajawa rais. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote yalishambulia kasri hilo, Amin akiwa kamanda. Kabaka Mutesa II alikimbia, akafia London mwaka 1969. Obote alipinduliwa 1971, akarudi madarakani Desemba 1980. Hofu ilibadilisha mwenyeji tu.

Hata ndani ya miaka ya Amin, hofu haikuchagua kabila. Mwaka 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa, asionekane tena. Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum, ambaye kumbukumbu yake Uganda huiadhimisha kila tarehe 16 ya mwezi huo. Wengi hawajui kwamba watu wa West Nile nao walikuwamo. Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliondolewa kazini mwaka 1974 na mwili wake ukakutwa katika Mto Nile. Mwezi Machi mwaka huohuo Brigedia Charles Arube, Mkakwa kama Amin, aliongoza jaribio la kumpindua na akapoteza maisha.

Wafanyabiashara nao walilipa. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Maduka yao yaligawiwa, rafu zikabaki tupu, na neno magendo likawa la kila nyumba. Mwaka 1975 iliundwa mahakama maalumu ya makosa ya uchumi, ambako kosa la biashara liliweza kumfikisha mtu mbele ya bunduki. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na uhasama kati ya Amin na Mwalimu Julius Nyerere ulikuwa miongoni mwa sababu. Baadhi ya mipaka ambayo wasomaji wa gazeti hili huivuka leo ilifungwa kwa kufuli.

Mzee aliposikia jina la Obote likisomwa alimgeukia mwongozaji, akamjibu lile swali la mwanzo kwa sauti ambayo hata waliobaki mlangoni waliisikia. Tunatoka Arua, alisema. Mvara. Mwongozaji hakushtuka. Alisogea pembeni, akampisha mzee atangulie kutoka.

Pasipo na tiketi

Njiani, basi likiwa limeipita Karuma na abiria wengi wamelala, mzee alimsimulia kijana kile ambacho handaki halikisemi.

Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Mwezi Juni vita vilifika mpaka wa Sudan. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walivuka kutoka Sudan na kushambulia West Nile. Jeshi jipya la serikali, UNLA, liliporudi halikuwatafuta askari hao peke yao. Lililipiza kwa raia. Malaki ya watu walikimbilia Sudan na Zaire, na mji wa Arua ukabaki kama gofu. Mzee mwenyewe alivushwa mpaka akiwa mgongoni mwa shangazi yake.

Waliobaki walikimbilia misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, kilomita chache kutoka katikati ya Arua, wakiamini kwamba penye msalaba pana usalama. Shirika la Msalaba Mwekundu lilikuwa likiwahudumia. Tarehe 24 Juni 1981 askari waliingia humo na kuwamiminia risasi. Makumi ya watu waliuawa, wakiwamo wanawake na watoto.

Kijana amesoma Mvara, na Ombaci amepita kwa pikipiki mara nyingi akienda kuuza kava na chaja. Hakuwa amewahi kusimama. Alikuwa amesafiri karibu kilomita 480 kwenda kuona hofu ya watu wengine, na ya kwao iko karibu na nyumbani.

Jumapili iliyofuata wale wanne walikwenda. Ombaci hakuna aliyewadai kiingilio wala mwongozaji aliyewangojea. Pana kaburi la pamoja, na kila Juni watu hukusanyika kuwaombea marehemu. Kijana aliuliza, kwa mazoea ya Kampala, fedha ya kuingia hulipwa kwa nani. Mama mkubwa alimjibu kwamba ya hapa ilikwisha kulipwa.

Kwa Walugbara wafu si kichekesho cha usiku mmoja. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi nao na kuchapisha kitabu juu ya dini yao mwaka 1960, alieleza jinsi ori, mizimu ya wazee waliotangulia, walivyohesabiwa kuwa sehemu ya ukoo, wenye haki ya kukumbukwa na kukasirika wakisahauliwa. Kwa imani hiyo kinachotisha ni mzimu uliokosa wa kuutaja, wala si kule kutokea kwake gizani.

Mizani ya pande zote

Hakuna ubaya marafiki kutembelea handaki la Mengo. Waliofia humo wanastahili kuonwa, na Kabaka ana haki ya kuonyesha kilichofanyika nyumbani mwake. Ila mfanyabiashara anajua maana ya mizani iliyopinda. Anayesimulia Mengo bila Ombaci amepima upande mmoja, na anayetaja Ombaci akaificha Mengo naye ni vilevile. Wote wawili wanamwuzia mteja debe lisilojaa.

Na jambo hili halikai makumbusho tu. Walugbara wapo Uganda na Kongo. Wakakwa wapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na eneo la Koboko ndiko nchi hizo tatu zinakogusana. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Kwa karatasi, watu waliokimbizana kuvuka mipaka hiyo mwaka 1980 sasa wamo ndani ya soko moja. Karatasi hiyo haitafika mbali ikiwa mtu bado anahukumiwa kwa jina la wilaya yake, na mwenzake anaombwa alipe deni la rais aliyefia Jeddah mwaka 2003.

Wale wanne wamerudi kwenye kazi zao. Vitenge vinashonwa, samaki wanavuka Vurra, na chaja zinauzwa. Safari nyingine ya Kampala ilipowadia, yule mama mdogo aliulizwa na mwenye duka la jumla wanakotoka. Hakusema kaskazini. Alisema Arua, akaongeza Mvara, kisha akaomba apunguziwe bei.