Kitabu Kinachokujibu: Nini Hasa Hufanya Kitabu cha Kidijitali Kiwe Shirikishi?

Ukichukua kitabu cha Fizikia, ukapiga picha kurasa zake zote na kuziweka kwenye simu kama PDF, umepata nini? Umepata kitabu kilekile, ila maandishi yamekuwa madogo zaidi. Ni cha kidijitali, sawa. Shirikishi bado.

Tofauti iko kwenye kile ambacho kitabu kinakutaka ufanye. Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio rahisi tu. Kila mwanafunzi alisoma vifungu viwili vya habari. Kimoja alirudia kukisoma. Kingine aliandika anachokikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, kurudia kusoma kuliongoza: asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Kwenye kifungu cha kujipima walikumbuka asilimia 56, cha kurudia kusoma asilimia 42.

Sasa fikiria: mtihani wako huja baada ya dakika 5? Ukisoma mada mara tatu unajiona umeiva, kumbe umezizoea tu sentensi zake. Ndiyo maana kitabu shirikishi husimama kila baada ya aya chache na kukuuliza.

Lakini swali peke yake halitoshi. Tuchukue Kanuni ya Ohm: betri ya volti 12, ukinzani wa omu 4, mkondo ni ampea ngapi? Jibu ni 3. Mwanafunzi akiandika 48, amezidisha badala ya kugawanya. Akiandika 0.33, amegawanya kinyume. Hayo ni makosa mawili tofauti, na kuwaambia wote "Umekosa, jaribu tena" hakumsaidii yeyote. Mtunzi mzuri huandika mrejesho wa kila kosa analolitarajia. Hapa ndipo mwalimu mzoefu anamzidi fundi wa kompyuta, maana yeye anajua wanafunzi hukosea wapi.

Na vifaa je? Kwa maswali kuna H5P, ambayo ni ya bure. Kwa majaribio ya maabara kuna PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Unaunganisha betri na balbu kwenye skrini, unabadilisha volti, unaona mkondo unavyobadilika. Baadhi ya majaribio yake yametafsiriwa kwa Kiswahili, na unaweza kuyapakua ukayatumia bila intaneti.

Hilo la intaneti tusilipuuze. Kitabu kinachovuta video kila ukurasa hufa bando likiisha. Afadhali kila kitu kikae ndani ya faili lenyewe, picha zipunguzwe uzito, na kijaribiwe kwenye simu ya bei nafuu kabla ya kusambazwa. Ukitumia EPUB, kumbuka si kila programu ya kusomea inaendesha maswali yaliyomo. Nyingine huonyesha maandishi tu.

Unataka kutengeneza chako? Usianze na kitabu kizima. Chagua mada moja, kusanya daftari za wanafunzi, na uorodheshe majibu yao ya makosa. Orodha hiyo ndiyo itakayokuonyesha maswali ya kuuliza na mrejesho wa kuandika.